Mguu Pembeni, Boti Nyuma

Hivi ni nani aliyetuambia kwamba gari likishajishikia mwendo lenyewe, dereva ana ruhusa ya kupumzika?

Nauliza kwa sababu hapa Mwanza kuna vitu viwili ambavyo vikikutana barabarani mimi roho inanidunda. Cha kwanza ni magari ya mtumba kutoka Japani yenye kile kitufe cha kushika mwendo, kruzi kontroli. Cha pili ni boti za faiba. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikuja hapa kukabidhi boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo. Boti haitembei nchi kavu yenyewe, ndugu yangu. Lazima ibebwe au ivutwe.

Tuanze na kitufe. Wengi wanakipenda kwa sababu moja tu: tochi. Anayetoka Mwanza kwenda Musoma anaijua habari hii. Kisesa, Magu, Lamadi, Bunda, penye nyumba pana kibao cha 50, na chini ya mti yupo afande na tochi yake. Ukizidisha, 30,000 imekutoka. Basi unabonyeza kitufe kwenye 50, mguu unaweka pembeni, unapita huku unampungia mkono. Gari likiwa halina mzigo na barabara ni kavu, sina ugomvi na mtu.

Ugomvi unaanza ukifunga trela.

Mwaka jana nilipanda na mjomba wangu kwenda Musoma. Prado ya gia otomatiki, nyuma boti ya faiba, na injini yake ya kupachika imeachwa hukohuko kwenye tezi pamoja na nyavu na madumu ya mafuta. Tulipoipita Magu akaweka 80, akavuta mguu, akaniambia, "Anko, sasa gari inajiendesha. Wewe nipe stori za mjini."

Nikampa. Tukafika kwenye mteremko mmoja, na mshale ukaanza kupanda: 80, 88, 95. Kisha nikasikia kitu kama mtu anatuvuta shati kwa nyuma, kushoto, kulia, kushoto. Boti ilikuwa inacheza. Mbele yetu kundi la ng'ombe lilikuwa linaingia barabarani. Mjomba akakanyaga breki kwa nguvu zote na trela likalala upande wa pili. Bodaboda iliyokuwa inakuja, imempakia mama mwenye mtoto mgongoni, ikaingia majanini. Hakuna aliyeumia. Yule mama alishuka, akamshika mtoto kichwa, akatutazama bila kusema neno. Jamani, afadhali angetutukana.

Mjomba alikaa kimya kitambo, halafu akauliza, "Lakini anko, si niliweka 80?"

Jibu lake nimelitafuta. Kruzi kontroli ya kawaida, hasa kwenye magari ya zamani, kazi yake ni kuongeza na kupunguza mafuta. Breki haigusi. Kwenye mteremko inaweza kufunga mafuta yote, lakini mzigo ulio nyuma unaendelea kusukuma. Kwenye mlima ni kinyume: inakandamiza mafuta ili namba isishuke, gia inarudi chini, inapanda, inarudi tena, na mafuta ya giaboksi yanachemka. Barabara ikiwa imelowa, tairi zikianza kuelea juu ya maji, yenyewe inaweza kuendelea kudai mwendo uleule. Haijui kama kuna mvua, wala haijui kama kuna ng'ombe.

Na ile kucheza? Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, trela linakuwa mkia wa mbwa. Ushauri wa kawaida ni kwamba kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela ikae kwenye ndoano ya gari. Likianza kuyumba, ondoa mafuta taratibu, shika usukani unyooke, usikanyage breki kwa hasira. Lakini mguu ulioko pembeni utaondoa mafuta gani?

Cha kushangaza ni aliyekibuni kitu hiki. Ni Mmarekani Ralph Teetor, mhandisi aliyepoteza macho akiwa na miaka mitano. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na mwanasheria wake, ambaye kila akiongea gari lilipunguza mwendo na kila akisikiliza liliongeza. Hataza yake ilitoka 1950, na Chrysler wakaanza kukiuza kwenye magari yao ya 1958. Asiyeona ndiye aliyehisi mwendo kwa mwili wake. Sisi wenye macho tumekichukua kitu chake ili tusihisi chochote.

Mwaka 1875 Stanley alifika Kagehyi, pwani yetu hii karibu na Mwanza, na mashua yake Lady Alice ikiwa imekatwa vipande na kubebwa na wapagazi kutoka pwani ya bahari. Mpagazi hakuhitaji kibao cha kumwambia kuna mlima. Magoti yake yalimwambia.

Halafu sisi ni watu wa ziwa. Somo la mzigo tumelipata kwa machozi: MV Bukoba 21 Mei 1996, na MV Nyerere 20 Septemba 2018 karibu na Ukara, kivuko cha watu 101 ambacho waliokufa peke yao walizidi 220. Kijana wa mwaloni anakuambia bila kusita wapi pa kuweka dumu ili mtumbwi usipinduke. Kwa nini mtumbwi huohuo ukipandishwa kwenye trela tunasahau yote?

Siku ile tulihamisha nyavu na madumu mbele, tukaifunga boti upya, mjomba akaendesha kwa mguu wake hadi Musoma, 60 hadi 70. Hatukupiga stori tena. Alichoka, nilimwona akijinyoosha kila tuliposimama. Nadhani kuchoka kule ndiko kuendesha kwenyewe.

Kwa hiyo kama una boti nyuma, zima hicho kitufe. Afande wa tochi utamkwepa kwa macho yako. Yule mama wa bodaboda atakukwepaje wewe?

Tafakari.