Gari Kuukuu na Mlima wa Timboroa

Wahenga waliosema kwamba mwenda pole hajikwai hawakuwahi kupanda mlima wa Timboroa ndani ya Peugeot 404 ya mwaka 1968, abiria saba wakiwa wamebanana ndani na gunia la viazi likiwa limefungwa kwenye keria. Gari la umri huo huenda pole, na bado hujikwaa. Leo hujikwaa kabureta, kesho plagi, kesho kutwa mpira wa rejeta. Hata hivyo, zipo familia nchini Kenya ambazo kila Desemba hulipakia gari kama hilo na kuianza safari ya mamia ya kilomita. Wakiulizwa sababu, husema kuwa vyuma vya zamani vilikuwa vyuma, au kwamba gari jipya ni ghali. Majibu hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi. Pengine kisa cha familia moja ya Nairobi kitatufaa zaidi.

Gari lenyewe si geni masikioni mwa Wakenya. Peugeot 404 ilizinduliwa nchini Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limebuniwa na Pininfarina wa Italia. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki ilijipatia jina ambalo halijafutika. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho wa mashindano, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiendesha 404. Hivyo, mwalimu mmoja wa shule ya msingi alipolinunua lake mwaka 1986, likiwa limekwisha kutumika miaka kumi na minane, aliamini kuwa ananunua na sifa hiyo pia. Lilikuwa lile refu, lenye safu tatu za viti, na gia zake zilikuwa kwenye shingo ya usukani.

Mwalimu huyo ni Mkikuyu wa Nyeri. Mkewe ni Mbukusu wa Bungoma. Nyumbani kwao Nairobi lugha ziligawana vyumba: mama alizungumza Lubukusu jikoni na dada zake waliomtembelea, baba Gikuyu sebuleni na wageni wake, na watoto wakaleta Kiingereza cha shuleni mezani. Garini, Kiswahili kilitawala. Hapakuwa na aliyelipitisha jambo hilo kama sheria. Kiswahili ndicho kilichozungumzwa na fundi, na askari wa kizuizini, na mama aliyeuza karoti dirishani, na kwa kuwa gari halikukoma kudai huduma, mazungumzo mengi yalilihusu gari. Wapo wanaoamini kwamba lugha ya taifa hukuzwa na sera na mitaala. Watoto hawa wanne walijifunza ngeli kwa kulalamikia breki.

Kila mmoja alikuwa na kazi yake. Kijana wa pili alizitunza chupa za maji. Wa tatu alishika jiwe la kuzuia gurudumu, akiruka nje kila gari liliposimama mlimani, maana breki ya mkono haikuaminika. Kitindamimba alihesabu malori, kazi isiyo na faida yoyote ila kumnyamazisha. Kifunguamimba, aliyepewa jina la mama mzaa baba kama ilivyo desturi ya Wakikuyu, na kwa hiyo akaitwa Mama na babake mzazi, aliketi nyuma ya dereva ili auchunge mshale wa joto.

“Mshale wasemaje, Mama?”

“Uko katikati, Baba.”

“Ukisogea, usiogope. Sema tu.”

Kutoka Nairobi hadi Bungoma ni kilomita zipatazo 400. Waliteremka ukingo wa Bonde la Ufa wakilipita kanisa dogo la Mai Mahiu lililojengwa na mateka wa vita Waitaliano mwaka 1942, wakaambaa Naivasha na Gilgil, wakanywa chai Nakuru. Baada ya Nakuru barabara hupanda. Timboroa iko zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni haba. Kabureta lililorekebishwa Nairobi huendelea kumimina petroli ile ile katika hewa iliyopungua, injini ikakohoa na kupoteza nguvu. Maji nayo, katika kimo hicho, huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Wakati mwingine petroli yenyewe hugeuka mvuke kabla ya kuifikia injini, na dawa yake ni kitambaa kilicholoweshwa maji na kuwekwa juu ya pampu. Kwa hivyo walisimama. Boneti lilifunguliwa, kijana akaliweka jiwe lake, chupa ya chai ikazunguka, na kwa muda wa saa nzima hapakuwa na la kufanya ila kuzungumza. Ni hapo watoto waliposikia jinsi babu wa Nyeri alivyokataa kuhudhuria arusi ya wazazi wao, na jinsi alivyokuja siku ya pili, peke yake, na mbuzi. Habari kama hiyo haisimuliwi mezani nyumbani. Inataka mahali penye baridi na gari lililokataa kwenda.

Desemba 2007 walisafiri kama kawaida. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27, na matokeo yalipotangazwa siku tatu baadaye, nchi ikawaka. Burnt Forest na Timboroa, njia yao ya kila mwaka, zikawa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Kwa majuma matatu Peugeot ilikaa nyuma ya ghala la kukhu, yaani nyanya wa Bungoma, ikiwa imefunikwa mabua ya mahindi. Mwenyewe alikaa chumba cha ndani, mkwe aliyepitisha siku nyingi mno kwa wakwe zake, akisoma gazeti lile lile la zamani.

Walirudi katika msafara wa magari uliosindikizwa na polisi, na sharti lilikuwa moja: asiyeweza kwenda pamoja na wenzake atabaki. Hapangekuwa na kusimama Timboroa. Mshale ulipoanza kupanda baada ya Burnt Forest, binti alisema, kama alivyofunzwa, bila kupaza sauti. Baba akafungua hita hadi mwisho ili joto la injini liingie ndani ya gari badala ya kubaki kwenye rejeta. Watu saba wakachemka ili gari lisichemke. Kitindamimba, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, hakuhesabu malori siku hiyo, kwa kuwa mengi yalikuwa yameteketea kando ya barabara. Mama mtu alipanguza jasho la mumewe kwa kitambaa kile cha pampu. Nyumba zilizochomwa zilipita kulia na kushoto, na ndani ya gari hapakusikika neno lolote ila, kila baada ya dakika kadhaa, hali ya mshale.

Gari halikusimama hadi Nakuru.

Siku hizi vijana wa familia hiyo wana magari ya Kijapani yaliyopitia bandari ya Mombasa, yasiyodai lolote njiani. Hufika Bungoma mapema, kila mmoja akiwa na simu yake. Si vibaya, usalama wa breki nzuri haudharauliwi na aliyewahi kubeba jiwe. Lakini Peugeot haijauzwa. Vipuri vyake husakwa Barabara ya Kirinyaga, vingine huchongwa na mafundi wa jua kali.

Desemba 2023 macho ya mzee yalikuwa yameingia ukungu. Daktari alimkataza kuendesha, naye akatangaza kuwa basi gari litabaki Nairobi. Binti akaomba ufunguo. Kwa mara ya kwanza mzee akaketi kiti cha abiria, na kutoka Limuru hadi Mai Mahiu mguu wake wa kulia ulikanyaga breki isiyokuwapo katika kila kona.

“Gia ya pili, Mama.”

“Nimeshaiingiza, Baba.”

“Na mshale?”

“Katikati.”

Aliuliza tena Gilgil, na tena Salgaa, ingawa kwa sauti ya chini kila mara. Walipofika Mau Summit hakuuliza. Binti alipogeuka kumtazama, alimkuta amelala, kofia ikiwa imemwangukia usoni, mguu umetulia.