Ziwa Lenye Swichi

Masinga si ziwa. Ukiliangalia asubuhi kutoka upande wa Ekalakala, maji yamelala hadi ng'ambo kule Embu, ndege wamesimama kwenye matope, mitumbwi inarudi mmoja mmoja, unaweza kuapa kwamba ni ziwa. Lakini ziwa hujazwa na Mungu na kupunguzwa na jua. Hili lina swichi.

Ukiwasha taa kwako Umoja au Kahawa West saa mbili usiku, huenda sehemu ya stima hiyo imetoka mto Tana. Mto huo umewekewa mabwawa matano yanayofuatana kama stegi za matatu: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Kindaruma ndilo kongwe, la 1968. Masinga lilikuja 1981, likawekwa juu ya mengine yote, na kazi yake kubwa si kuzalisha stima. Mitambo yake ni ya megawati 40 tu, na ya Gitaru ni 225. Kazi ya Masinga ni kuwa tangi. Mvua ikinyesha Aberdare na Mlima Kenya, linajaza. Kiangazi kikija, linawafungulia wenzake wa chini maji kidogo kidogo. Likijaa linafunika karibu kilomita mraba 120. Likipungua, mahali ulipopiga kasia mwezi jana unapita kwa miguu, tope limepasuka kama kisigino.

Ndani ya tangi hilo kuna samaki, na hakuna aliyelijenga kwa ajili yao. Kuna tilapia, kuna kambare, na kuna mgeni mmoja mnene mwenye magamba makubwa na masharubu mafupi. Wataalamu wanamwita Cyprinus carpio. Mimi namwita kapu, na tusicheke. Palipo na samaki pana wavuvi, na hao pia hawakuwa kwenye ramani ya mhandisi.

Binamu yangu alitaka kuwa mmoja wao. Mama mdogo alinipigia simu mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa.

"Njoo uongee na huyu kijana," akasema. "Ati harudi shule. Ati amepata kazi."

Kijana ana miaka 17, alikuwa kidato cha tatu, na kazi yenyewe ilikuwa kutega nyavu na mzee fulani mwenye mtumbwi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kutosha, na sasa naishi kwa kuandika makala, moja moja, kama muuza maji ya chupa kwenye jam. Kunituma mimi nikahubiri shule ni kama kumkabidhi fisi bucha. Sikujua kama mama mdogo alikuwa amekosa watu au alikuwa amenichagua makusudi. Nilienda. Nikashuka Matuu, nikapanda bodaboda, nikafika nimejaa vumbi hadi kwenye nyusi.

Kwa mama mdogo taa ni ya sola, moja, sebuleni. Usiku ule tulikula muthokoi, na hakuna aliyetaja shule. Saa kumi alfajiri kijana akanigusa bega. "Bro, twende uone."

Nyavu hutegwa jioni na kutolewa kabla jua halijachomoza. Kazi ni hiyo, ukiisema haraka. Ukiifanya, kuna visiki vya miti iliyozama ambavyo hushika wavu na kuupasua. Kuna viboko, ambao huwaoni mpaka wakohoe. Kuna mamba, ambao hawakohoi. Mzee alishika kasia nyuma, kijana akavuta wavu mbele, mimi nikakaa katikati kama mzigo. Samaki walikuja. Si wakubwa, lakini walikuja wengi, mmoja baada ya mwingine, na kijana aliwatoa kwenye macho ya wavu bila hata kuangalia vidole vyake. Lazima niseme ukweli: alikuwa mzuri. Sijawahi kumwona hivyo akiwa na kitabu.

"Jana nimetoka na mia saba," akaniambia. "Juzi elfu moja na mia mbili. Mwalimu wa BOM hapati hiyo kwa siku. Sasa niambie nirudi shule kufanya nini."

Hapo ndipo hotuba ilipaswa kuanza, na sikuwa nayo. Nikamgeukia mzee, nikamuuliza samaki wamekuwa wengi tangu lini.

"Tangu maji yaanze kushuka," akasema. Kisha akaeleza kwa namna ambayo sijaisahau: "Ukipunguza supu kwenye sufuria, maharagwe yanaonekana mengi. Hayajaongezeka."

Maneno hayo ndiyo niliyorudi nayo Nairobi. Bwawa likishuka, samaki walewale wanabanwa kwenye maji machache, na wavu wowote unashika. Ni kiangazi, stima inahitajika, maji yanateremshwa Kamburu, na mvuvi anadhani ni neema. Lakini chini ya mtumbwi mambo ni mengine. Kapu hubandika mayai yake kwenye majani ya ukingoni. Maji yakiondoka, majani yanabaki juu na mayai yanakauka. Tilapia ana akili kidogo: dume huchimba kiota kwenye kina kifupi, jike hutaga, kisha huyabeba mayai mdomoni. Maji yakishuka, mama anaondoka na watoto wake kinywani, hali chochote mpaka awe na pahali pa kuwaachia. Kiota kinabaki juani. Ukipita na wavu wa macho madogo wakati huo, unavua mama na watoto wake kwa mpigo mmoja. Hesabu ya siku hiyo itapendeza. Ya mwaka ujao ndiyo itakayolia.

Na tangi lenyewe linajaa udongo. Kila mvua kubwa huteremsha shamba la mtu kutoka juu huko, na udongo ukishaingia Masinga hauna haraka ya kutoka.

Nilimwambia kijana hayo, si kama mhubiri. Nilimwambia mimi nalipwa kwa makala, na naujua mwezi mnono. Zikilipwa makala tatu kwa wiki moja, unaanza kuangalia viatu. Mwezi mnono una tabia ya kujifanya mshahara. "Wewe umevua wiki sita," nikamwambia, "na zote sita maji yalikuwa yanashuka. Hujaona bwawa likijaa."

Mzee akaongeza yake. Mwaka wa 2009 ukame ulikaza mpaka mitambo ya Masinga ikazimwa. Mwaka wa 2024 mafuriko yalilijaza bwawa kupita kipimo chake cha mita 1,056.5 juu ya bahari, likamwagika. Ni bwawa lilelile. Anayeamua leo maji yatoke kiasi gani hajui jina la mvuvi hata mmoja, wala hana sababu ya kulijua.

Kijana akanyamaza. Akatoa tilapia mdogo, kama kiganja, akamrusha majini. Kisha akauliza bila kunitazama:

"Na kwa shule, bro? Swichi inashikwa na nani?"

Nilitafuta jibu. Nilimfikiria mama mdogo na taa yake moja. Nilifikiria karo yangu iliyokataa kutosha, rafiki zangu wenye digrii wanaoendesha boda, na wengine wenye digrii waliopata kazi nzuri na hawanipigii tena. Nikamwambia sijui. Nikamwambia pia kwamba mtu asiyejua kusoma kipimo cha maji hawezi hata kujua ni lini amenyang'anywa, na kwamba hilo, angalau, linafundishwa mahali. Sikuona kama limemwingia. Mzee alicheka puani, tukarudi.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa alienda. Nisijisifu: mama mdogo alikuwa amemwambia Jumamosi ni yake na siku nyingine ni zake mama, na nadhani hilo lilifanya kazi kuliko mimi. Novemba mvua zikanyesha, maji yakapanda, samaki wakatawanyika kwenye nyasi mpya zilizofunikwa. Akanitumia ujumbe wa sauti: nyavu zinatoka na majani matupu. Hakusema nilikuwa sahihi, na sikumuuliza.

Januari anaingia kidato cha nne. Karo tunaichanga. Mama mdogo ameuza mbuzi mmoja, mimi nasubiri malipo ya makala mbili, na yeye ana pesa za Jumamosi, kidogo kidogo. Amenunua wavu wake mwenyewe. Nilimuuliza macho yake ni ya ukubwa gani. Akanitumia picha, ameingiza vidole vinne kwenye jicho moja na nafasi bado imebaki.