Maktaba si ya Watoto Peke Yao

Kila shule zinapofungwa wakati wa kiangazi, watu wa hapa Igogo hutujia na swali moja: Mwalimu, watoto wetu watashughulishwa na nini? Swali ni jema na jawabu lake ni jepesi. Chuo chetu cha Qurani hakifungwi, na anayetaka zaidi ya hapo na aende katika Maktaba ya Mkoa, huko mjini Mwanza, wanakokaa vijana wa sekondari wakidurusu masomo yao. Lakini katika miaka yote tuliyosomesha, hajatokea mzazi hata mmoja akatuuliza: Na mimi je, nisome nini?

Watu wengi wameshika kwamba maktaba ni nyumba ya mitihani; kwamba aliyekwisha kuoa, au kuolewa, au kumaliza darasa la saba, hana haja nayo tena. Hiyo siyo nia iliyoijenga. Sheria ya maktaba za umma ilitungwa mwaka 1963, nchi ikiwa bado changa, na Maktaba Kuu ya Taifa ya Dar es Salaam ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Mwaka huohuo, katika kila watu wazima 100 wa Tanzania Bara, 67 hivi hawakujua kusoma wala kuandika. Mtu mzima akishafundishwa herufi asipate kitabu cha kusoma, zitamtoka upesi kama zilivyomwingia. Kwa hiyo maktaba na darasa la watu wazima vilihitajiana tangu mwanzo.

Na sisi wa Mwanza ndio hasa tusiopaswa kulisahau jambo hili, kwa maana lilianzia kwetu. Tangu mwaka 1968 mpaka 1972 Shirika la UNESCO pamoja na Serikali waliweka hapa Mwanza makao ya mradi wa majaribio wa kuwasomesha watu wazima wa mikoa ya Ziwa. Wakauita kisomo chenye manufaa, yaani mtu asome huku akijifunza kazi yake: mkulima asome habari za pamba, na mvuvi habari za uvuvi. Mwaka 1970 ukafanywa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima nchi nzima, na jirani zetu wa kisiwa cha Ukerewe wakawekwa katika wilaya chache zilizoagizwa kuufuta ujinga wa kusoma kabla ya mwaka 1971 kwisha. Mwaka 1974 likaanza kuchapwa hapa gazeti la watu waliokwisha kujua kusoma, lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Ilipofika mwaka 1986 wasiojua kusoma walikuwa kiasi cha 10 tu katika 100. Baadaye hesabu hiyo ikapanda tena.

Mama yetu mzazi alikuwa katika madarasa hayo. Kitabu chake cha kwanza cha herufi za Kizungu kilikuwa cha pamba, ingawa maisha yake yote hakuwa na hata mche mmoja wa pamba. Na hapa pana neno ambalo hesabu zile hazikulisema. Mama alikuwa amekhitimu msahafu tangu utoto, na barua za ndugu zake akizisoma na kuzijibu kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Hata hivyo alipofika darasani aliandikwa kuwa hajui kusoma. Hakukasirika, alisema tu kwamba mwandishi naye hajui kusoma, maana alipomwonyesha barua yake aliishika juu chini.

Maneno yale ya mzaha yana uchungu ndani yake, nao ungali nasi mpaka leo. Yuko jirani yetu mmoja, mjane, ambaye jina lake hatulitaji. Hununua dagaa Mwaloni Kirumba na kuwauza kwa vipimo hapa mtaani. Msahafu anausoma vizuri kuliko wengi wetu. Mwaka juzi aliishiwa mtaji akaenda kwa wakopeshaji wale ambao watu wamewapa jina la kausha damu. Akaletewa karatasi, akaelezwa kwa mdomo kwamba atarudisha kwa mwezi, akatia dole gumba. Wiki ya pili wakaja kudai. Wiki ya sita wakachukua cherehani yake aliyoachiwa na marehemu mumewe. Tuliisoma karatasi ile baadaye: kila kitu kilikuwa kimeandikwa, riba ya kila wiki, faini ya kuchelewa, na cherehani yenyewe kuwa rehani. Wala haikuwa ya Kiingereza. Ilikuwa Kiswahili kitupu, na mtoto wake wa darasa la sita angeweza kumsomea tangu mwanzo mpaka mwisho, lakini aliona haya kumwita mbele ya wageni.

Riba ni haramu, hilo kila Mwislamu analijua, na hatuna haja ya kulirefusha. Lakini wangapi kati yetu hukumbuka kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, katika Sura ya Al-Baqara, ni ile inayoamrisha deni liandikwe, dogo au kubwa, na muda wake utajwe? Basi asiyeweza kusoma kilichoandikwa atahifadhika kwa nini?

Baada ya mambo ya cherehani, tukafikiri namna ya kuwasomesha watu wazima, na mara tukagonga jabali. Saa ambazo maktaba iko wazi ndizo saa ambazo mama huyu yuko sokoni. Mvuvi naye hulala mchana, na usiku yuko ziwani. Likizo za shule hazimhusu. Ndipo mzee mmoja mwenye mtumbwi akatuambia: Mwalimu, likizo yetu sisi ni mbalamwezi. Nasi tukaona haya kidogo, kwa kuwa tumezaliwa kando ya Ziwa hili na jambo hilo twalijua. Dagaa hufuata mwanga wa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu. Mitumbwi hubaki ufukweni siku kumi hivi. Dagaa wakipungua, na wauzaji nao hupumzika. Zaidi ya hayo, njia zetu za Igogo zapita katikati ya majabali, na mama atokaye nyumbani baada ya Isha hutaka kuona anapokanyaga.

Basi twasoma kwa mbalamwezi, chuoni, wanawake upande wao na wanaume upande wao. Wasiojua herufi hufundishwa kwanza nusu saa, kisha wote husikiliza kitabu kikisomwa kwa sauti, kila ajuaye akisoma ukurasa mmoja. Kitabu cha kwanza kilikuwa Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, na Ida Hadjivayanis akaitia katika Kiswahili, ikachapwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Tuliiazima kwa kijana mmoja asomaye chuo kikuu. Ni habari za mtoto Yusuf, wa miaka kumi na miwili, anayeondoka kwao pamoja na tajiri Aziz akidhani kuwa ni ami yake, mpaka Khalil wa dukani anapomfunulia kwamba si ami yake hata kidogo. Baba yake amemtoa kwa sababu ya deni. Tulipofika hapo mama yule wa cherehani akamwambia msomaji: Rudia. Akarudia. Mama akasema, Kumbe na huyu hakusomewa karatasi. Usiku ule hatukuendelea tena, maana kila mmoja alikuwa na deni lake la kusimulia.

Wako wanaotulaumu kwamba hizi ni hadithi za kubuni, na chuo ni mahali pa dini. Twawajibu kwa upole kwamba msahafu una wakati wake asubuhi na jioni, na haujapunguziwa hata dakika. Wengine husema kwamba maktaba na vitabu vyake si vyetu sisi Waislamu. Hao twawakumbusha habari za mateka wa Badri: waliojua kuandika walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Madina, na Mtume (s.a.w.) hakuuliza kwanza dini ya mwalimu. Na wazee wetu wasiozijua herufi za Kizungu wamenyimwa hata vitabu vya dini yao. Tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy imekuwapo tangu mwaka 1969, kwa Kiswahili fasaha, nao hawawezi kuifungua.

Si kila kitabu ni cha kila mtu. Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, kilipotoka mwaka 1971 kilizusha maneno mengi, na kwa muda kilikatazwa mashuleni. Sisi hatumpi mtoto kitabu hicho. Lakini twatamani kila baba mwenye binti akisome, hasa baba mwenye mkono mwepesi.

Kwa wakutubi wetu tuna ombi. Sheria humtaka mchapishaji aweke nakala za kitabu chake katika Maktaba ya Taifa. Ni vema, walakini nakala iliyoko Dar es Salaam haimfai mchuuzi wa Igogo. Vitabu vipya vya watu wazima vije Mwanza, na vikija vitangazwe misikitini, makanisani na mialoni, si kubandikwa mlangoni pa maktaba tu. Ikiwezekana, sanduku moja la vitabu na litolewe kwa vikundi kama chetu, tulitunze na kulirudisha. Nanyi wazazi, mkiwapeleka watoto maktaba siku za likizo, msiwangoje nje. Ingieni, ulizeni vya kwenu, lipeni ada, na kitabu msichokiona kiagizeni. Mkutubi hawezi kujua kwamba mvuvi ataka kitabu ikiwa hakuna mvuvi aliyemwambia.

Mbalamwezi ijayo, inshallah, twaanza kitabu cha Aniceti Kitereza, habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mzee yule alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitia katika Kiswahili mwenyewe, kikachapwa mwaka 1980. Yeye akafariki mwaka 1981 bila kukishika mkononi. Kitabu ni kirefu, na pombe imo nyingi, jambo ambalo tumekwisha kuwatahadharisha wasikilizaji. Mvuvi mmoja Mkerewe, aliyeanza herufi mwezi wa Rajabu, ameomba ukurasa wa kwanza uwe wake. Sasa anaufanyia mazoezi mchana, mtumbwini, wakati wenzake wanashona nyavu.