Ile Nne Ilikuwa Yangu

Mdogo wangu wa kike yuko Gredi ya Tano. Muhula wa kwanza mwaka huu alirudi nyumbani na karatasi imekunjwa mara nne ndani ya soksi, ju mifuko ya sketi yake ilishapasuka zamani. Akanipa. "Yaya, mwalimu amesema tutengeneze jiko la kupika bila moto. Ni ya Ijumaa."

Mama alikuwa mlangoni anachambua maharage. Alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Bila moto? Basi huyo mwalimu akuje apike hapa kwetu, tuone."

Nikafungua karatasi. Kilichotakiwa ni kitu ambacho wengi wenu mnakijua: kapu la kutunza joto, wengine wanaliita jikokapu. Unabandika sufuria ya maharage kwenye moto wa kawaida mpaka yatokote kweli, dakika 15 au 20, halafu unaiepua na mfuniko wake, unaizamisha ndani ya kapu lililojazwa nguo kuukuu au majani makavu, unakandamiza mto juu, unaacha. Hakuna uchawi. Hewa iliyonaswa katikati ya nguo inazuia joto lisitoke, na chakula kinaendelea kuiva polepole saa kadhaa huku makaa yako umeshayazima.

Kwa Kakuma hiyo si hesabu ndogo. Kuni za mgao hazifiki mwisho wa mwezi. Akina mama wa Kiturkana wanapita asubuhi na magunia ya makaa kichwani, mmoja anataka pesa, mwingine anataka unga. Na tangu mgao wa chakula upunguzwe, ule unga unaotoka kwenda kwa makaa unatoka moja kwa moja kwenye sahani ya mtoto. Nilisoma ile karatasi mara mbili nikasema, huyu mwalimu ana akili. Kazi hii ni ya maana.

Hapo ndipo nilianza kukosea.

Lazima nieleze sisi tulisoma vipi. Nilifika hapa 2008 kutoka Fizi. Mwaka wa 2010 nilikuwa darasa la tano, enzi za 8-4-4, watoto zaidi ya mia moja katika chumba kimoja, nusu tumekaa chini, kitabu kimoja watu sita. Kazi yetu ilikuwa kunakili ubao. Mwaka wa 2013 nikafanya KCPE, na ukiondoa insha, mtihani wote ulikuwa kuchagua A, B, C au D na kuweka alama kwa penseli. Hakuna aliyewahi kuniuliza mikono yangu inajua nini.

Na mikono ilikuwa inajua. Mtoto gani wa kambi hajatengeneza kitu? Mpira wa makaratasi na kamba. Tiara ya mfuko wa nailoni, siku zile upepo wa vumbi ukianza. Tuliona wazazi wetu wakipasua mikebe ya mafuta ya mgao, wakiinyoosha kwa nyundo, wakiipigilia kwenye mbao mpaka inakuwa mlango. Mimi fani yangu ilikuwa magari ya waya. Nilikuwa na moja ambalo tairi zake nilizikata kutoka kwa ndala kuukuu, na usukani wake ulikuwa mrefu mpaka kifuani, na ukiukata kulia tairi za mbele zinakata kulia kweli. Ile kona ya waya inayofanya hivyo ilinichukua wiki mbili kuipata. Nikalipeleka shuleni kulionyesha. Mwalimu mmoja alilichukua, akalifungia kabatini, akasema hapa si mahali pa michezo. Sikuliona tena. Simlaumu sana. Na watoto mia hata mimi ningefungia vitu kabatini.

Sasa mambo yamegeuka. Mtaala wa umilisi, huu watu wanauita CBC, ulianza nchi nzima 2019 kwa wale wadogo, ukawa unapanda nao darasa kwa darasa, na KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Leo mtoto anapewa 1 mpaka 4: mbali na matarajio, kukaribia matarajio, kufikia matarajio, kuzidisha matarajio. Na kile anachotengeneza kwa mikono kinahesabiwa. Wazazi wengi hapa hawaupendi, na sababu zao nazielewa. Kila wiki manila, kila wiki gundi, kila wiki picha ya rangi ya kuchapisha saiba. Nyumba yenye watoto wanne shuleni itatoa wapi? Kwenye kituo chetu cha vijana watoto wanakuja kuomba maboksi tu. Nimeona mmoja amekaa nyuma ya kituo saa nne asubuhi, siku ya shule, kwa sababu hakuwa na manila na aliogopa kuingia darasani bila hiyo.

Kwa hiyo karatasi ya mdogo wangu ilipofika mkononi mwangu, nilijiambia huyu wangu hatakosa kitu. Ndivyo nilivyojiambia.

Jumatano jioni nilileta boksi zuri kutoka kituoni. Alhamisi nikaleta rangi iliyobaki tulipopaka ukuta, na waya, na koleo. Mdogo wangu alikaa karibu na mimi, ananishikia taa ya sola. Mara ya kwanza alisema, "Yaya, tuweke nguo nyingi zaidi." Nikamwambia subiri. Mara ya pili akasema, "Hapa pembeni pako na nafasi." Nikamwambia shika taa vizuri, sioni. Hakusema tena. Saa nne usiku alikuwa amesinzia na taa mkononi, mimi bado nakunja waya wa vishikio, nafuraha kama mwehu. Nilipaka kijani, nikaandika jina lake kwa rangi nyeupe, nikaweka na bawaba ili mfuniko ufunguke kama sanduku la duka. Ndani nilitandika tabaka moja la blanketi nyembamba, ju nguo nyingi zingeharibu umbo.

Ijumaa alipata 4. Mwalimu alilipiga picha na simu, likawekwa mbele ya darasa. Mdogo wangu alirudi nalo, akalisukuma chini ya kitanda, akaenda kuchota maji bila kuambiwa.

Mimi sikuona chochote. Kesho yake, Jumamosi, ilikuwa zamu yangu ya kuongoza mazungumzo ya vijana kituoni, mada ilikuwa vipaji. Nikawahadithia. Nikaonyesha picha. Kijana mmoja, wale wa nyuma ambao huwa unadhani amelala, akainua mkono akauliza: "Sasa nani yuko Gredi ya Tano, ni wewe ama ni yeye?"

Walicheka sana. Mimi pia nilicheka. Lakini nikitembea kurudi nyumbani, kile kicheko kilikuwa kimebaki kwangu kama mchanga kwenye kiatu.

Nilimkuta anaosha vyombo. Nikamuuliza kama alifurahia 4 yake. Akasugua sufuria muda mrefu. "Mwalimu aliniuliza ju ya nini tuliweke blanketi moja tu. Sikujua. Nikasema ni Yaya aliweka."

"Na mwalimu akasemaje?"

"Hakusema. Akaandika tu 4. Tuko wengi, alikuwa anaharakisha." Kisha akasema bila kuniangalia: "Hilo jiko si langu. Mimi nilishika taa."

Sijui kama kuna mtu amewahi kunisema vile. Mama, ambaye nilidhani hasikii, alisema kutoka ndani: "Weye ulitaka gari yako ile."

Mama anakumbuka gari. Miaka yote hii sikujua anakumbuka.

Sikumwomba msamaha siku ile, ninaandika ukweli. Nilisema tu jiko langu ni zuri, litapika, mtaona. Jumapili tukalijaribu. Mama alichemsha maharage, tukayafungia ndani ya sanduku la kijani saa sita mchana. Saa kumi na moja tulipofungua sufuria ilikuwa vuguvugu kama maji ya kuogea na maharage yalikuwa mawe. Tukawasha makaa upya. Yaani lile jiko lilitumia makaa mara mbili.

Likizo ya Aprili ndipo yeye alianza lake. Hakuniambia. Nilirudi jioni moja nikakuta mama anapiga kelele mpaka majirani wa Sudan Kusini wamesimama kwenye uzio wa miba. Alikuwa ameshika kipande cha kikwembe chake, kile cha bluu na manjano, alichojifunga siku tuliyovuka ziwa. Kilikuwa kimechakaa, kweli, kimetoboka pembeni, lakini hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kukigusa. Mdogo wangu alikuwa amekikata vipande sita. Vingine ameshavishona kuwa mifuko midogo na kuvijaza matambara.

"Nani alikutuma ukate kikwembe yangu?"

"Mama, nilitafuta kitu kizito."

Nilidhani atampiga. Mama alikaa chini, akaweka kile kipande magotini, akakinyoosha kwa kiganja, akakinyoosha tena. Tulisimama tu. Mwishowe akasema: "Umeshakata. Basi ipike. Isipopika, utaniona."

Kapu lenyewe lilikuwa gunia la mgao, amelikunja mdomo mara tatu ili lisimame. Chini mchanga, juu ya mchanga majani makavu, pembeni ile mifuko ya matambara imebanana, na mto wa kufunika ambao ni kikwembe. Halina umbo. Ukiliona utadhani ni mzigo wa mtu anayehama.

Mara ya kwanza lilishindwa. Tulikula maharage yanayolia mdomoni, na mama hakusema kitu, ambayo ni mbaya kuliko kusema. Lakini yeye alikuwa na daftari. Nimemwomba ruhusa ya kunakili hapa, amekubali, ila amesema nisimrekebishe:

"Siku ya 1. Maharage vikombe 3. Yalichemka dakika 10. Nilifungua mara 6 kuangalia. Hayakuiva. Mama amekasirika. Siku ya 2. Niliyalowesha usiku. Yalichemka dakika 20. Nilifungua mara 2. Yaliiva nusu, ya juu hapana. Nafikiri kila nikifungua joto linakimbia. Pia sufuria ilikuwa nusu, juu kuna upepo ndani. Siku ya 3. Sufuria kubwa nimeacha, nimechukua ndogo imejaa. Sikufungua. Nilienda kwa rafiki yangu ili nisifungue."

Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipenda. Alijijua. Alijua kwamba akikaa karibu atafungua, kwa hiyo akajiondoa, akaenda kukaa upande wa pili wa laga mpaka jua lilipoanza kushuka. Mimi na elimu yangu ya sekondari na vyeti vyangu vitatu vya mafunzo sikuweza kujiondoa hata saa moja.

Siku ya 3 maharage yaliiva. Mama aliminya moja katikati ya vidole viwili, likapondeka. Akaminya lingine. Akachota upawa, akaonja, akaongeza chumvi, na hakusema neno, lakini tangu siku hiyo anapika maharage kwenye lile gunia. Mkebe wa makaa uliokuwa unaisha kwa siku mbili sasa unafika siku ya tatu, mara nyingine ya nne kama hatukupika ugali mkubwa. Jirani amekuja kuangalia. Amepewa somo na mtoto, mtoto akiwa ameweka mikono kiunoni: usifungue, mama, ukifungua umemaliza.

Muhula wa pili alitaka kulipeleka shuleni. Nikamsindikiza. Mwalimu wake ni kijana kama mimi, mchovu kama mimi. Alilitazama, akauliza maswali mawili, akajibiwa kwa dakika kumi. Aliuliza pia kuhusu daftari, akalisoma lote akiwa amesimama. Akasema ni kazi safi sana, lakini alama za muhula wa kwanza zimeshafungwa na ile 4 iko pale pale. Hawezi kuandika 4 juu ya 4. Kwa hiyo alama iliyoandikwa kwenye daftari la mwalimu ni ya sanduku la kijani. Ni yangu. Nimemaliza Kidato cha Nne 2017 na nina 4 ya Gredi ya Tano.

Wenzangu wa mashirika mnaosoma hapa, mkija siku ya maonyesho shuleni, mtaona vitu vizuri vimepangwa mezani. Vingine vimetengenezwa na kaka, baba, au fundi aliyelipwa. Kabla ya kutoa simu mpige picha, muulizeni mtoto ni wapi pagumu palimshinda. Aliyetengeneza mwenyewe hatanyamaza, mtachelewa gari.

Lile sanduku langu bado liko chini ya kitanda. Mama anawekea ndani vitunguu.

Jana mdogo wangu amekuja na karatasi nyingine, ndani ya soksi ile ile. Hakunionyesha. Aliisoma amenipa mgongo, akaikunja, akakaa kidogo, kisha akageuka.

"Yaya, kule kituoni kuna koleo?"

"Iko. Ya kufanya nini?"

"Leta tu."