Bonde la Kilombero na Chaguo la Mtema Kiwanga

Ukipanda treni ya TAZARA kutoka Dar es Salaam kuelekea Mbeya, utapita katika bonde la Kilombero. Kuliani kwako husimama safu ya Udzungwa. Kushotoni hutanda mbuga na mashamba ya mpunga. Shuka Ifakara, kisha uelekee kusini mpaka mtoni. Kwa miaka mingi watu walivushwa hapo kwa kivuko. Siku hizi wanapita darajani. Barabara hiyo hupanda mpaka Mahenge, ambako Wajerumani walikuwa na boma lao.

Mandhari hii tulivu iliwahi kumlazimisha mtawala mmoja kufanya chaguo zito. Mwishoni mwa karne ya 19, Wabena wa bondeni walikuwa chini ya Mtema Kiwanga. Juu milimani ilikuwapo dola ya Wahehe, yenye nguvu za kuwatisha majirani. Mwaka 1891 jeshi la Mkwawa liliwashinda Wajerumani huko Lugalo, nao Wajerumani wakawa wanatafuta marafiki. Kiwanga akaungana nao. Kwake yeye adui wa jirani alikuwa wa hatari zaidi kuliko mgeni wa mbali.

Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vikafika bondeni. Wambunga na Wapogoro wakainuka, na tarehe 30 Agosti boma la Mahenge likashambuliwa. Kiwanga akabaki upande wa Wajerumani. Hivyo watu wa bonde moja, wanywao maji ya mto mmoja, wakaelekezeana silaha.

Jambo hili halikutokea Afrika peke yake. Mwaka 1707 Bunge la Uskoti lilikubali kuungana na Uingereza. Aliyeongoza shughuli hiyo kwa niaba ya Malkia alikuwa James Douglas, Duke wa Queensberry. Wananchi waliandamana Edinburgh kupinga, lakini yeye alitunukiwa cheo kipya mwaka uliofuata. Uskoti ilikaa bila bunge lake hadi mwaka 1999.

Je, Kiwanga alipata nini? Ukoo wake uliendelea kutawala. Mwaka 1935, chini ya Waingereza, Mtema Towegale Kiwanga aliandika sura moja katika kitabu cha Culwick na mkewe kuhusu Wabena wa bondeni. Lakini kiti kilichookolewa kilikuwa sasa chini ya kiti kingine. Kodi ilidaiwa kwa Mbena kama ilivyodaiwa kwa Mpogoro, na njaa iliyofuata vita vya Maji Maji iliua watu wengi mno kusini mwa nchi. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa huru, utawala wa machifu ulifutwa.

Si haki kumwita Kiwanga msaliti kana kwamba wakati ule palikuwapo taifa moja la kusalitiwa, halikuwapo bado. Wala si haki kumsifu kwa werevu wake. Mgeni hakuwa na haja ya kuwashinda wenyeji wote kwa pamoja: ilimtosha kuwakuta wakiogopana. Ukifika Kilombero, msomaji, wasikilize wazee wa pande zote mbili za mto. Kila upande una marehemu wake.