Nani Anamwona Anayemlea Mtoto?

Likizo ya uzazi inapokaribia kwisha, swali ni lile lile Dar es Salaam, Nairobi na hapa Uingereza tulipo: mtoto apelekwe kwenye kituo cha kulelea watoto, au atafutwe dada wa kumlea nyumbani? Wanaotetea kituo husema dada atamchapa mtoto, kisha ataondoka mwisho wa mwezi bila kuaga. Wanaotetea dada husema kituoni mtoto ataugua kila wiki na hatakuwa na mtu wa kumwita wake. Kila upande una visa vyake, na vyote huenda ni vya kweli. Mimi naona swali limekaa upande. Mtoto wa mwaka mmoja hawezi kueleza alichotendewa mchana. Hawezi kusema hakula, hawezi kusema alibanwa mkono. Kwa hiyo kinachomlinda ni kuwapo kwa mtu mzima wa pili anayemwona yule anayemlea, na anayempokea mtoto pale mwenzake anapochoka. Mahali penye mtu huyo ni salama zaidi, pawe sebuleni kwako au kwenye chumba chenye watoto kumi. Asipokuwapo, ukuta uliochorwa twiga hausaidii, wala sifa nzuri za yaya.

Tuanze na huku. Nasema England, maana Scotland na Wales zina kanuni zao. Nasari ya England haiendeshwi kwa kuaminiana. Kwa watoto walio chini ya miaka 2, sheria inataka mtu mzima mmoja kwa watoto 3 wasizidi. Kwa wenye miaka 2, mmoja kwa watoto 5. Zamani ilikuwa 4, ikalegezwa Septemba 2023, na wapo wazazi na walezi wengi ambao hawakufurahi. Anayehesabiwa hapo ni yule aliye na watoto, si yule aliye jikoni, na kwa kawaida kijana wa chini ya miaka 17 hahesabiwi. Muda wote lazima awepo mtu mwenye cheti cha huduma ya kwanza kwa watoto. Kila mfanyakazi huchunguzwa kumbukumbu zake za polisi. Ofsted, chombo cha ukaguzi, hufika na kuandika ripoti ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma kwenye intaneti bila malipo. Lakini kinachonigusa zaidi ya hayo yote ni karatasi ndogo. Mtoto akianguka na kuchubuka goti, mlezi huandika saa, mahali, alivyoanguka na alivyohudumiwa, na jioni mzazi huelezwa na kutia saini. Ni mchubuko tu wa kupona siku mbili. Ila mlezi anayejua kwamba mchubuko utaandikwa, na kwamba mwenzake aliuona, hulea akijua kwamba ataulizwa.

Kanuni hizi hazikuzaliwa na wema wa Wazungu. Mwaka 2009, mjini Plymouth, mfanyakazi wa nasari alikamatwa kwa kuwadhulumu watoto na kuwapiga picha kwa simu yake. Alikuwa mtu anayependwa na wazazi. Kanuni zilizofuata mwaka 2012 ziliagiza kila kituo kiwe na utaratibu ulioandikwa wa matumizi ya simu na kamera. Nalitaja jambo hili kwa sababu ndugu zetu nyumbani hudhani huku hakuna ubaya. Upo. Tofauti ni kwamba ubaya ukigunduliwa, hauishii kwenye kumlaani mtu mmoja; huulizwa pia ni kwa nini hakuna aliyeuona mapema.

Sasa, sheria hiyo ya England ina mlango iliouacha wazi. Mwanamke anayelea watoto wa wengine nyumbani kwake kwa malipo, zaidi ya saa mbili kwa siku, lazima asajiliwe na kukaguliwa. Yaya anayekuja kulea nyumbani kwako halazimiki kusajiliwa na Ofsted. Jamii yetu ya ughaibuni huteleza kwenye lile sharti la kwanza bila kujua. Kwetu, kila mwanamke wa rika la mama ni shangazi au mama mdogo, na mtoto huachwa kwake kwa heshima hiyo na bahasha ya Ijumaa. Sheria haiutambui ushangazi wa heshima; humsamehe shangazi wa damu au wa ndoa tu. Siwalaumu wanaofanya hivyo. Ada za nasari ni nzito, na zile saa 30 kwa wiki ambazo tangu Septemba 2025 serikali huwalipia wazazi wanaofanya kazi, kuanzia mtoto wa miezi 9, kwa kawaida haziwafikii ambao viza zao haziruhusu misaada ya umma. Lakini matokeo yake ni kwamba familia zenye ndugu wachache zaidi ndizo zinazomwacha mtoto na mtu mmoja, kwenye fleti iliyofungwa, bila jicho jingine.

Nyumbani, watu husema yaya ni utamaduni wetu, na kwamba bibi zetu walilelewa hivyo hivyo. Hapo nasimama kidogo, kwa sababu si kweli, au ni nusu ya kweli. Tazama nyumba ya Uswahilini ya vyumba sita na ua mmoja. Msichana aliyeletwa kulea alikuwa akibembeleza mtoto uani, mbele ya wanawake wanaochambua mchele, wanaosuka, wanaofua. Mtoto akilia kupita kiasi, mama wa chumba cha pili aliuliza, tena kwa sauti. Msichana akizidiwa, kulikuwa na mapaja mengine ya kumpakata mtoto. Wahenga wakasema mkono mmoja haulei mwana, na ua ule ulikuwa na mikono mingi. Sasa mzazi amepata kazi nzuri, amejenga Goba au Madale, pembezoni mwa Dar es Salaam, nyumba ina ukuta na geti. Yaya amehama naye, ua haukuhama. Tumebaki na msichana, tukawapoteza waliokuwa wakimwona. Mara nyingi mtoto wa chumba cha kupanga Manzese ana macho mengi yanayomtazama kuliko mtoto wa nyumba ya geti.

Na huyo aliyebaki ndani, siku yake ikoje? Anaamka saa kumi na moja alfajiri. Anachemsha maji, anapika uji, anapiga pasi shati la bosi, anaandaa mkubwa wa kwenda shule. Wenye nyumba wakishatoka, kuna vyombo, kuna kudeki, kuna beseni la nguo. Mtoto amefungwa mgongoni kwa kanga hadi mgongo uume, kisha anakalishwa kwenye mkeka mbele ya katuni, na kiti kimelazwa mlangoni mwa jikoni ili asilifikie jiko. Hakuna ukatili hapo. Kiti hicho ni ushahidi wa msichana anayefikiri. Lakini kulea ni kazi ya saba kati ya kazi kumi alizopewa, na tunamlaumu kwamba hazungumzi na mtoto. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 nchini Tanzania iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kawaida wa nyumbani anayelala kwa mwajiri. Umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14. Yaani sheria yetu inakubali kwamba mtoto alelewe na mtoto, wakati nasari za huku zingemtaka binti huyo huyo awe na mtu wa kumwangalia.

Nitaambiwa: dada wetu ni kama ndugu, anampenda mtoto kuliko hata sisi. Naamini. Wapo waliolea vizazi viwili katika nyumba moja, na watoto wakubwa huwatumia pesa mpaka leo. Ila upendo hauondoi uchovu. Mama mzazi mwenyewe, aliyembeba mtoto miezi tisa, akifungiwa naye saa kumi na nne kila siku bila wa kumpokea, atafika mahali pa kupiga kelele. Kwa nini tutegemee subira kubwa zaidi kwa binti wa miaka 16 aliye mbali na kwao? Na wengine wametafuta dawa kwa kufunga kamera. Kamera huona, lakini haimpokei mtoto. Mara nyingi humwonyesha mzazi aliye ofisini jambo ambalo tayari limetokea.

Pingamizi zito zaidi ni la umri. Mtoto mchanga anahitaji mtu mmoja anayemjua kwa harufu na sauti, na kituo chenye walezi wanaopokezana hakiwezi kumpa. Hili lina uzito, na utafiti hauendi upande mmoja. Nchini Marekani, kuanzia mwaka 1991, zaidi ya watoto 1,300 walifuatiliwa tangu kuzaliwa katika utafiti mkubwa wa taasisi ya taifa ya afya ya mtoto. Waliolelewa na watu wanaozungumza nao na kuwaitikia walikuwa mbele kidogo kwa lugha, na wale waliokaa vituoni saa nyingi zaidi waliripotiwa kuwa wakaidi kidogo zaidi. Lakini mambo ya nyumbani, hasa namna mama alivyoshughulika na mtoto, yalikuwa na uzito kuliko aina ya malezi ya mchana. Maradhi nayo ni kweli: mtoto wa kituoni hupata mafua mengi mwaka wa kwanza. England imejaribu kujibu hoja ya mtu mmoja kwa kuagiza kila mtoto apangiwe mlezi wake maalumu ndani ya nasari, anayemjua na anayezungumza na wazazi. Ni jibu zuri, si kamili.

Lakini tukilinganisha, tulinganishe kwa haki. Mama wa Uingereza ana haki ya likizo ya wiki 52, na malipo kwa wiki 39 kati ya hizo. Mama mwajiriwa wa Tanzania ana siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kwa hiyo huku swali la nasari huulizwa mtoto akiwa anatambaa. Kwetu huulizwa akiwa hajakaa. Kwa mtoto wa miezi mitatu, nami nisingekimbilia kituo kikubwa. Hata hivyo sheria yetu ya ajira ina kifungu kinachosahaulika: mwajiri lazima ampe mama anayenyonyesha muda wa hadi saa mbili kwa siku wa kumnyonyesha mtoto. Mama wa Dar es Salaam anayefanya kazi Posta na kuishi Mbagala atazitumia vipi saa hizo, kwa foleni ile? Mtoto akiwa na yaya nyumbani, haki hiyo ni maandishi tu. Akiwa kwenye kituo kidogo hatua chache kutoka kazini, ni ziwa la mchana. Ndiyo maana naona vituo vya karibu na masoko, viwanda na ofisi ni hoja nzito kuliko vituo vya karibu na makazi.

Watasema pia vituo vyetu vyenyewe ni hatari: chumba kimoja, watoto 25, mama mmoja, dirisha dogo. Ni kweli, na kwa kipimo changu kituo hicho kimeanguka kama nyumba ya geti ilivyoanguka. Mama mmoja aliye peke yake na watoto 25 haonwi na mtu. Lakini kituo kina jambo ambalo sebule haina: kinaweza kukaguliwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe, na programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, imevitaja vituo vya jamii waziwazi. Tena ubovu wa kituo haujawazuia wazazi maskini kukihitaji. Korogocho, Nairobi, watafiti waliwapa baadhi ya akina mama vocha za kulipia vituo vya mtaani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha waliopewa vocha walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa na kazi kuliko wasiopewa. Wale akina mama hawakuwa wakichagua kati ya kituo na yaya. Walikuwa wakichagua kati ya kituo na njaa, au kumwachia mdogo dada yake wa miaka minane.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mtoto akishatimiza mwaka, kituo kidogo chenye walezi wawili au zaidi kinamzidi yaya aliye peke yake, hata yaya mzuri. Kabla ya hapo, au kituo cha aina hiyo kisipopatikana, yaya abaki, lakini mzunguko wake uvunjwe: kazi za usafi apewe mtu mwingine au zipunguzwe, awe na siku yake ya mapumziko, na familia mbili za jirani ziwaunganishe wasichana wao asubuhi katika ua mmoja ili waonane na wasaidiane. Hilo halihitaji serikali.

Nasi tuliopo huku, tunaotuma pesa kila mwezi za dada wa kumlea mtoto wa mdogo wetu, tuna nafasi ya kuuliza zaidi ya kiasi. Uliza dada ana miaka mingapi, analala saa ngapi, nani anapita pale mchana. Kama pesa ni ya kituo, mwambie mdogo wako aombe kuonyeshwa cheti cha usajili kabla ya kulipa ada ya kwanza, na kama hakipo ukutani, aende ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri akaulize. Aende pia kituoni siku moja saa nane mchana bila kutoa taarifa, wakati watoto wamelala, akahesabu walezi walio macho.