Gitaa Bila Amplifaya: Daftari la Mikindani

Mpiga gitaa wa Mikindani hununua gitaa kwanza, halafu pedali, na amplifaya haimo kabisa katika hesabu zake. Ukiambiwa hivyo ukiwa Dar es Salaam utasema ni ukata. Ukata upo, lakini si sababu yote. Jambo lenyewe linaanzia kwa mwenye vyombo.

Mikindani hii si ile ya Mtwara. Ni ya Mombasa bara, ng'ambo ya daraja la Makupa, mbele ya Changamwe kwenye barabara kuu ya Nairobi, ambako malori ya makontena hayakatiki usiku wala mchana na yadi za mizigo zimebanana na nyumba za kupanga. Watu wametoka Kwale, Kilifi, Taita, Ukambani, Nyanza na Magharibi wakifuata kazi za bandarini na viwandani, na wengi wamekuja na makanisa yao. Kanisa ndilo lenye dramu, kinanda, miksa na spika kubwa mbili zilizopandishwa juu ya stendi. Mpiga gitaa anafika na gitaa begani, kibegi na waya. Anachomeka kwenye miksa, anamtazama mtu wa miksa usoni, anangoja sauti yake itokee.

Kwetu Dar mazoea yalikuwa mengine. NUTA Jazz, ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa mali ya chama. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya teksi na usafiri, kisha mwaka 1983 ikaangukia mikononi mwa Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Mwanamuziki aliajiriwa, akakabidhiwa gitaa, akawekewa amplifaya nyuma ya mgongo. Akihama bendi, aliviacha vyote. Wako wapiga solo waliotikisa nchi nzima na nyumbani kwao hapakuwa na hata gitaa la kujifurahisha. Hiyo ni dhuluma ya aina yake, siitetei. Ila jukwaani mtu yule alikuwa na kitu ambacho kijana wa Mikindani hana: spika yake mwenyewe, inayompigia yeye, anayoweza kuigeukia na kuipunguza kwa mkono wake.

Wasiopiga gitaa huona amplifaya ni ya kupaza sauti tu, kumbe ni nusu ya ala. Spika ya gitaa, ile ya inchi 12, haipandi juu sana. Ikikaribia hezi 5,000 huanza kunyamaza, na kunyamaza huko ndiko kunakolainisha nyuzi za chuma. Spika ya kanisani ina honi ya sauti za juu, imetengenezwa ili neno la mhubiri lifike benchi la mwisho likiwa kamili. Ukichomeka gitaa tupu kwenye miksa, sauti inalegea, kwani koili ya gitaa hutoa umeme hafifu na mlango wa kawaida wa miksa unaulemea. Ukiweka distoshoni ili kuipa nguvu, honi inatoa kila mkwaruzo, na kanisa zima linasikia bati likikatwa kwa msumeno.

Kwa hiyo pedali huku si pambo. Kijana aliyenionyesha yake hufanya kazi ya kuhesabu makontena kwenye yadi, na jioni ya mazoezi alikuja moja kwa moja na viatu vya kazi. Alifungua kibegi akatoa Zoom ya mtumba, ile ya kisanduku kimoja chenye milio mingi ndani.

"Mzee wangu, hii ndiyo amplifaya yangu," akaniambia. "Hiyo ingine ni ya wazungu wa YouTube."

Juu yake alikuwa amebandika utepe wa karatasi na kuandika kwa kalamu namba tatu: 04 kuabudu, 11 sifa, 27 sebene. Namba zilizobaki zote hazigusi. Kila moja ya hizo tatu imewekewa kiigizo cha amplifaya na spika, ili makali yakatwe kabla sauti haijafika kwenye miksa. Nilimwomba azipige moja moja. Ya 04 ina mwangwi unaorudi tena na tena na kina kirefu, ule mtindo ulioletwa na rekodi za kuabudu za makanisa ya Australia na Marekani. Anagusa noti mbili, nyingine zinajaa zenyewe. Ya 27 ni safi, ina korasi kidogo tu, na hapo vidole vinafanya kazi yote. Katika ibada moja mtu yuleyule anatoka Sydney hadi Kinshasa kwa kukanyaga kitufe, na sijaona muumini aliyeshangaa.

Mimi moyo wangu uko kwenye 27, na sioni haja ya kuficha upendeleo. Sebene ya makanisa ya Mombasa imetoka kwenye dansi, hata kama wachungaji wengine hawapendi kukumbushwa. Magitaa yamegawana kazi: solo juu, ridhimu chini, na katikati lile ambalo Wakongo huliwekea waya wa nne mwembamba badala ya ule mnene, ukatuniwa oktava moja juu, wakaliita mi-composé. Ni ujanja usiohitaji betri wala stima. Kijana wa yadi hakuwa ameusikia. Nilipomweleza alitoa paketi ya nyuzi, akafungua waya wa nne pale pale, akafunga mwembamba wa akiba, akautuni polepole akihofia usikatike. Alipopiga mpangilio aliouzoea, mtu wa besi aliyekuwa ameinama kwenye simu aliinua kichwa.

Wahenga wa hapa waliyafanya haya kwa vyombo vichache zaidi. Fundi Konde, mwana wa Kilifi aliyezaliwa mwaka 1924, hutajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kurekodi kwa gitaa la umeme. Zisikilize rekodi zake: gitaa ni safi, makodi yamepangwa kwa adabu ya jazi, hakuna kilichopakwa juu yake. Ndugu wawili Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga kwenye Jamhuri Jazz, wakapita Arusha, wakaingia Kenya na mwaka 1971 wakawa Simba Wanyika. Waliojitenga nao mwaka 1978 ndio Les Wanyika, na "Sina Makosa" inabebwa na ridhimu ya Omar Shabani kuliko kitu kingine chochote, hata kuliko solo ya John Ngereza. Nimewahi kubishana na watu juu ya hilo usiku mzima. Ridhimu ile ipe gitaa la bei yoyote lenye nyuzi mpya, iko palepale.

Fundi

Vyombo vya Mikindani vikiharibika huenda kwa fundi, na banda lake liko nyuma ya maduka, karibu na anayechoma mahindi. Riziki yake ni kusuka mota za pampu za maji, maana maji ya mfereji huja yakitaka na kila mwenye nyumba ana pampu na tangi. Vyombo vya muziki ni kazi ya pembeni, lakini ndivyo vilivyojaza meza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Alikuwa na transfoma mkononi.

Ilitoka kwenye Roland Jazz Chorus, uzao wa ile iliyoanza kuuzwa mwaka 1975, amplifaya ya transista yenye korasi yake ndani na sauti safi isiyochafuka hata ukiipandisha. Nikiulizwa ni amplifaya gani ingefaa zaidi muziki wa Afrika Mashariki, nitaitaja hiyo kabla ya Marshall yoyote. Marshall ilizaliwa ichafuke, na uzuri wake uko hapo. Hii ilikuwa imeingia na mitumba ya Japani. Japani umeme wao ni volti 100, Kenya ni 240. Mnunuzi alikata plagi ya miguu miwili bapa, akafunga ya miguu mitatu, akawasha.

"Ililia mara moja tu," fundi akasema. "Paa! Halafu moshi."

Kapasita mbili zilikuwa zimetumbuka, transista zimekwenda, fyuzi haikusaidia kwa kuwa mtu alishaizungushia waya wa shaba zamani. Fundi hakutaka kununua transfoma ya kushusha umeme, maana itapotea au itasahaulika, na Jumapili moja mtu atachomeka tena ukutani. Alikuwa anaisuka upya: kwa kila mizunguko 100 ya Mjapani, yeye anaweka 240, kwa waya mwembamba zaidi ili ienee nafasi ileile. Anahesabu kwa sauti ya chini na kila akifika mia anachora mstari kwa chaki ubaoni. Mteja akija kumsemesha katikati, anaonyeshwa benchi kwa kidole.

Pickup za gitaa hazisuki. Alinionyesha moja iliyokatika: waya wake ni mwembamba kuliko unywele, na mizunguko inapita maelfu. Anachofanya ni kutafuta ncha kwa miwani ya kukuzia na sindano ya mama watoto, akiipata anailehemu kwa tone moja la risasi, asipoipata anairudisha kwa mwenyewe. Zinazokuja kwa wingi ni nobu zinazokwaruza na jeki zilizoota kutu kwa hewa ya chumvi, na pedali zilizokufa. Ana boksi zima la hizo. Pedali nyingi hutaka volti 9, hasi ikiwa katikati ya plagi. Adapta ya ruta ya intaneti hutoa volti 12, chanya ikiwa katikati, na plagi inaingia vizuri kabisa. Ingekuwa haiingii, boksi lingekuwa tupu.

Kaskazini

Siku nyingine nilivuka kisiwa hadi upande wa Nyali na Bamburi, kwenye hoteli. Huko ndiko Them Mushrooms, bendi ya mwaka 1972, na nyingine za rika lao zilikopatia mkate, na "Jambo Bwana" ingali inapigwa wakati wa chakula cha usiku kana kwamba ni wimbo wa taifa wa bafe. Bendi niliyoisikiliza ilikuwa na kile nilichokikosa Mikindani: amplifaya ya gitaa, ndogo, imewekwa juu ya kiti cha plastiki, mali ya mpigaji mwenyewe. Sauti yake ilikuwa tamu sana. Tatizo, sauti iliwekwa chini mno hata ukisukuma kiti unaifunika. Mgeni akilalamika kwamba hasikilizani na mwenzake, mhudumu hunong'ona sikioni mwa kiongozi wa bendi, na nobu inarudi nyuma tena.

Kwa hiyo Nyali wana chombo na hawaruhusiwi kukipiga. Mikindani wanaruhusiwa kupiga hadi paa litetemeke na chombo hawana. Kati ya hizo mbili ningechagua Mikindani bila kufikiri. Pale mtu anapiga saa tatu mfululizo mbele ya watu waliosimama, na kosa lake linasikika hadi kituo cha matatu. Mikono hukomaa.

Kinachonitisha Mikindani ni umeme wenyewe. Kwenye mazoezi niliona maikrofoni ya mpiga solo imevishwa soksi ya mtoto, ya bluu, nikadhani ni ya kuzuia mate. Kijana wa yadi alicheka. Soketi za jengo lile zina tundu la ethi, lakini nyuma yake hakuna waya unaokwenda ardhini. Pedali imechomekwa ukuta huu, miksa ukuta ule. Ukiwa umesimama sakafuni na mdomo ukagusa chuma cha maikrofoni, umeme unaovuja unapita kwenye midomo. Mara nyingi ni mwasho tu. Siku ambayo kuna hitilafu ndani ya adapta, si mwasho.

Jioni ileile kamati ilikaa kwenye viti vya nyuma kujadili mchango wa vyombo. Mtu wa miksa alitaka spika mbili za ziada. Kijana wa yadi, kwa sauti ya chini na kwa heshima, alitaja ile Jazz Chorus iliyo kwa fundi, ambayo mwenye nayo ameshaichoka na angeiuza. Wakanigeukia mgeni. Nikasema ethi kwanza: fimbo ya shaba ipigiliwe ardhini nje ya ukuta wa madhabahu, fundi wa umeme aunganishe soketi zote, gharama haifiki hata nusu ya spika moja, kisha Jazz Chorus, spika zilizopo zinatosha na kuzidi.

Mweka hazina, mama mmoja mtaratibu aliyekuwa akiandika kila kitu, aliweka kalamu chini.

"Sawa, baba," akasema. "Lakini hiyo fimbo ikishapigiliwa chini, waumini nitawaonyesha nini?"